Homa isiyoisha, mgongo unaouma: maswali yenu kuhusu maambukizi ya aota

Aota ni mshipa mkuu unaotoka moyoni, ukapinda kifuani kama mpini wa bakora, ukashuka mbele ya uti wa mgongo hadi karibu na kitovu, ambako hugawanyika kuelekea miguu miwili. Bakteria wakijipenyeza kwenye ukuta wake, ukuta huoza, hulegea, hutuna, na mwisho hupasuka. Si ugonjwa wa kila siku. Lakini barua zilizotufikia zinaonyesha kosa lile lile likijirudia, nalo ni kwamba dawa inatangulia na damu ya kuotesha (inayopelekwa maabara ili bakteria waliomo waote na wajulikane) inachukuliwa baadaye, au haichukuliwi kabisa. Ndiyo maana safari hii tumeuachia ugonjwa huu ukurasa wote.

Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 67, ana kisukari na alivuta sigara miaka mingi. Wiki ya tano sasa ana homa za jioni na maumivu ya mgongo upande wa kushoto, chini ya mbavu. Mara mbili amepimwa Widal, akaambiwa ana taifodi na kupewa siprofloksasini ya siku 7. Akimeza anapata nafuu, akimaliza homa inarudi. Juzi altrasaundi imeonyesha aota ya tumboni ina upana wa sm 4.6. Tumeambiwa turudi baada ya miezi 6 kwa sababu haijafika sm 5.5. Tusubiri?
*Binti wa mgonjwa, Morogoro*

Marahaba. Msisubiri hata wiki. Mpelekeni hospitali yenye CT scan na daktari wa upasuaji, leo au kesho, na mkifika elezeni mambo matatu kwa pamoja: homa inayorudi, maumivu ya mgongo, na aota iliyotuna. Kila moja peke yake lina maelezo mengi. Yakikutana kwa mzee mwenye kisukari, aota ihesabiwe kuwa na maambukizi mpaka ithibitishwe kuwa haina.

Hiyo sm 5.5 ni kipimo cha ugonjwa mwingine. Aota ya tumboni kwa kawaida ina upana wa karibu sm 2, na ikifika sm 3 tunasema imetuna. Aota inayotuna kwa uzee, sigara na presha hupanuka taratibu, milimita chache kwa mwaka, mara nyingi bila maumivu na bila homa. Hiyo ndiyo inayofuatiliwa kwa altrasaundi hadi ikaribie sm 5.5 kwa mwanamume, au sm 5 kwa mwanamke, ndipo upasuaji uzungumzwe. Aota yenye bakteria haifuati ratiba hiyo. Ukuta wake unaliwa, haunyooki tu, na inaweza kupanuka kwa siku chache na kupasuka ikiwa bado ndogo. Kwa hiyo upana wa sm 4.6 kwa mtu mwenye homa usimtulize mtu yeyote.

Tuje kwenye Widal. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huziacha baada ya kukutana na vimelea, na alama hizo zinaweza kubaki muda mrefu au kutokana na vimelea vingine. Kwa nchi zetu, ambako watu wengi wamewahi kuguswa na salmonela (jamii ya bakteria anamotoka yule wa taifodi), Widal moja haithibitishi taifodi. Tena salmonela wanaopenda zaidi kukaa kwenye aota si wa taifodi. Ni jamii nyingine ya salmonela, wanaoingia kwa chakula na maji machafu, ambao kwa kijana mwenye afya husababisha kuhara kwa siku chache basi. Kwa mtu aliyepita miaka 50, mwenye kisukari au mishipa iliyojaa utando wa mafuta na chokaa, wakiingia kwenye damu hunasa pale ukuta wa mshipa ulipochubuka. Mbali na salmonela, mshukiwa mwingine mkubwa ni stafilokokasi, anayeingia kwa vidonda vya ngozi, majipu, mguu wa kisukari, au mpira wa dripu uliokaa muda mrefu.

Hilo ndilo linaloeleza kwa nini baba anapata nafuu kisha anarudi pale pale. Vidonge vya siku 7 vinasafisha damu, homa inashuka, lakini bakteria waliojificha ndani ya ukuta wa mshipa wanabaki. Dawa ikiisha wanatoka tena.

Kipimo anachohitaji ni CT ya mishipa yenye dawa ya kontrasti (inayochomwa mshipani ili mishipa ionekane kwenye picha), kuanzia kifuani hadi kinenani, kwa sababu maambukizi yanaweza kuwa sehemu zaidi ya moja. Ombeni picha nyembamba, za milimita 1 au chini. Msomaji wa picha atatafuta uvimbe uliochomoza upande mmoja kama kifuko au wenye vinundu, badala ya kutuna sawasawa pande zote. Ataangalia kama mafuta yanayozunguka aota yamekuwa na ukungu au yana majimaji, kama kuna viputo vya gesi ukutani, kama mstari wa chokaa umekatika ghafla mahali fulani, kama pingili ya uti wa mgongo iliyo nyuma yake imeliwa, na kama kuna usaha kwenye msuli wa ndani wa kiuno. Msuli huo ukiguswa, mgonjwa hukunja nyonga na hapendi kuunyoosha mguu. Altrasaundi inapima upana vizuri, lakini mengi kati ya hayo haiyaoni.

Apimwe kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) kabla ya kontrasti. Akiwa anatumia dawa ya kisukari ya metformini na figo zimeshuka sana (uchujaji chini ya 30), aiache siku ya kipimo na kwa saa 48 baada yake, mpaka kreatinini irudiwe. Ila kreatinini iliyopanda kidogo isiwe sababu ya kufanya CT bila kontrasti, maana picha ya namna hiyo inaweza kuukosa ugonjwa wenyewe.

Kabla ya dozi nyingine yoyote ya antibiotiki achukuliwe damu ya kuotesha (tumeeleza jinsi yake kwenye jibu linalofuata). Nyumbani asikandwe wala kuchuliwa tumbo na mgongo. Maumivu makali ya ghafla, jasho jembamba, kizunguzungu au kuzimia ni dalili za kupasuka: hapo ni gari moja kwa moja, bila kupitia kituo cha karibu kwa ajili ya sindano ya maumivu.

Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Tuna chupa za kuoteshea damu lakini majibu mengi hurudi "hakuna kilichoota". Tunakosea wapi? Na nikimshuku mgonjwa ana maambukizi ya aota, nianze na dawa gani kabla ya rufaa?
*Tabibu, Kigoma*

Ahsante kwa swali, ndugu, kwa sababu kazi kubwa ya ugonjwa huu hufanyika mahali ulipo wewe, si kwenye chumba cha upasuaji. Hata kila kitu kikifanyika sawasawa, kati ya robo na nusu ya wagonjwa damu yao haioteshi kitu. Ndiyo maana hatuna nafasi ya kupoteza waliobaki kwa uzembe wa hatua ndogo.

Kosa la kwanza ni damu kidogo. Mtu mzima mwenye bakteria ukutani mwa mshipa anaweza kuwa na vimelea wachache mno katika kila mililita, kwa hiyo mililita 2 au 3 hazitoshi. Weka ml 8 hadi 10 katika kila chupa ya mtu mzima. Seti moja ni chupa mbili, ya vimelea vinavyohitaji oksijeni na ya visivyoihitaji, yaani jumla ya ml 20. Chukua seti 2 hadi 3 kutoka mishipa tofauti. Kama unazo za oksijeni peke yake, chukua chupa 3, kila moja kwa mchomo wake. Usivute damu kwenye kanula iliyokwishakaa.

Kosa la pili ni ngozi. Sugua kwa klorheksidini ya asilimia 2 iliyo ndani ya spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30, kisha acha ikauke yenyewe sekunde nyingine 30. Ukiipuliza au kuifuta, umerudisha vijidudu. Baada ya hapo usiguse tena mshipa kwa kidole. Kizibo cha mpira cha chupa nacho kifutwe kwa spiriti na kikauke. Ukikuta stafilokokasi wa ngozi katika chupa moja tu kati ya sita, huenda ni uchafu. Akiwa kwenye chupa nyingi, mwamini.

La tatu ni safari ya chupa. Zisiwekwe kwenye friji. Zikae joto la kawaida la chumba na zifike maabara ndani ya saa 2, zisizidi 4. Andika kwenye fomu: "nashuku maambukizi ya aota". Kama mgonjwa anafuga au anakunywa maziwa mabichi, andika pia kuwa unashuku brusela, bakteria wa mifugo. Brusela huota polepole, hivyo chupa zitahitaji kukaa zaidi, na huwaambukiza wahudumu wa maabara kwa hewa wakifungua sahani nje ya kabati la usalama. Kuwanyima taarifa hiyo ni kuwaweka hatarini.

Mgonjwa akiwa tayari ameanza dawa, chukua tu, kabla kidogo ya dozi inayofuata. Akiwa mahututi, seti zote zichukuliwe ndani ya dakika chache na dawa ianze ndani ya saa 1. Kusubiri homa ipande hakuna faida.

Dawa za kuanzia zinapaswa kuwafunika salmonela na stafilokokasi kwa pamoja. Pahali pengi huanza na seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa kila saa 24, pamoja na vankomisini mg 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, kila saa 8 hadi 12 kulingana na figo. Vankomisini iende taratibu, gramu 1 isipungue dakika 60; ikikimbizwa mgonjwa huwashwa na kuwa mwekundu usoni na shingoni, na presha inaweza kushuka. Kama haipatikani, kloksasilini gramu 2 kila saa 4 huwafunika stafilokokasi wa kawaida, si wale sugu. Seftriaksoni isichanganywe na Ringer's lactate kwenye mrija mmoja, kwa sababu huganda na kalisiamu. Vimelea vikijulikana, dawa ipunguzwe iwe ile inayovilenga.

Wakati wa kusubiri gari, weka kanula mbili nene, panga damu na ulinganishe kundi, mpe dawa ya maumivu ya kutosha, na ishushe presha iliyopanda hadi ya juu iwe kati ya 100 na 120. Akipasuka, usimjaze dripu hadi presha irudi kawaida. Akiwa anaongea na kukuelewa, presha ya juu ya 70 hadi 90 inatosha mpaka afike kwa mpasuaji, kwani presha kubwa inaling'oa donge la damu lililoziba tundu. Mpe kwenye bahasha picha za CT katika CD, si karatasi ya majibu peke yake, majibu ya maabara, na orodha ya kila antibiotiki na tarehe yake ya kuanza. Mpasuaji anapima upasuaji kwa picha, na karatasi haipimiki.

Pima pia VVU, sukari, kaswende, CRP na ESR (vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe), na omba ekokadiografia, yaani altrasaundi ya moyo, kwa sababu chanzo kinaweza kuwa valvu ya moyo yenye bakteria inayorusha vipande mishipani. Na ombi moja la moyoni: salmonela akiota katika damu ya mtu aliyepita miaka 50, usiishie kuandika dawa ya taifodi. Muulize mgongo, papasa tumbo taratibu, na akiwa na kisukari, sigara au homa isiyokatika, mfanyie CT. Kwa watu wa umri huo, salmonela wa damuni humkamata aota au mshipa mwingine mkubwa mtu 1 hivi kati ya 10, na taarifa nyingine zinataja zaidi.

Kwenye cheti cha mjomba wameandika "mycotic aneurysm", jina lenye maana ya "uvimbe wa fangasi". Je, apewe dawa za fangasi?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana, isipokuwa maabara imeotesha fangasi kweli. Jina hilo alilitoa daktari William Osler mwaka 1885, alipoona mishipa iliyotuna kwa mgonjwa mwenye maambukizi ya valvu za moyo. Maumbo aliyoyaona yalimkumbusha uyoga. Karibu kila mara visababishi ni bakteria. Jina limebaki, nalo huwapotosha hata waliosomea.

Kaka yangu amelazwa, salmonela ameota kwenye damu na CT imeonyesha kifuko kwenye aota chini ya figo. Daktari mmoja anataka kumpasua tumbo, mwingine anasema aingiziwe stenti (mrija wa waya wenye kitambaa) kupitia kinenani. Sisi familia tunauliza: kwa nini dawa peke yake zisitoshe? Na tuchague ipi?
*Familia, Nairobi*

Dawa peke yake hufika kwenye damu, lakini ukuta uliooza hauna damu ya kutosha ndani yake kuibeba dawa, na hata bakteria wote wakifa, ukuta ule haurudi kuwa imara. Wengi wanaotibiwa kwa dawa tu hufariki kwa kupasuka. Njia hiyo tunaibakiza kwa mtu ambaye mwili wake hauwezi kubeba upasuaji wa namna yoyote, tena familia ikiwa imeelezwa wazi.

Upasuaji wa wazi ndio unaoondoa ugonjwa wenyewe. Mpasuaji hubana aota juu ya eneo lenye maambukizi, hukata ukuta mbovu wote na tishu zinazouzunguka mpaka afikie nyama yenye afya, hutoa usaha, husafisha, kisha hurudisha njia ya damu. Hapo ndipo penye maamuzi. Njia ya zamani ni kuifunga aota kabisa, kushona kisiki chake tabaka mbili, na kupitisha damu kwa mrija mrefu chini ya ngozi kutoka kwapani hadi kinenani. Faida yake ni kwamba kipandikizi hakikai palipo na usaha. Hasara ni mbili: kisiki kinaweza kufumuka wiki au miezi baadaye na mgonjwa akamwaga damu ndani, na mrija ule mrefu huziba kirahisi, mguu ukawa hatarini. Kwa hiyo siku hizi vituo vingi hupendelea kuunga pale pale, mradi eneo limesafishwa vya kutosha.

Cha kuungia kina uzito wake. Mshipa wa vena wa paja la mgonjwa mwenyewe hustahimili bakteria kuliko vyote, ila kuuvuna huongeza saa kadhaa za upasuaji na mguu huweza kuvimba. Ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe, iliyotibiwa na kushonwa kuwa mrija, hupatikana haraka zaidi. Mshipa wa mtu aliyefariki uliohifadhiwa kwenye baridi kali unahitaji benki ya tishu. Kinachopatikana kirahisi zaidi ni mrija wa poliesta, ambao wapasuaji wengi huuloweka kwenye antibiotiki ya rifampisini, kwa kawaida mg 60 kwa kila ml, kwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kuushona. Rifampisini hiyo haitegemewi sana dhidi ya stafilokokasi sugu na baadhi ya bakteria wa tumboni. Mwisho mpasuaji huvuta lile pazia la mafuta linaloning'inia mbele ya utumbo, akiwa bado ameliacha na mishipa yake ya damu, na kuuzungushia mrija. Pazia hilo huleta damu, na damu huleta kinga na dawa.

Tishu zilizokatwa zigawanywe. Vipande kadhaa viende kuoteshwa na kupimwa TB kwa GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya TB) vikiwa kwenye chombo safi kisicho na dawa, na kimoja tu kiwekwe kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, kwa ajili ya hadubini. Kila kitu kikitumbukizwa kwenye formalini, bakteria wanakufa na swali la ni nani aliyefanya haya halijibiki tena. Mnaweza kumkumbusha muuguzi wa chumba cha upasuaji jambo hili bila kuona haya.

Stenti yenye kitambaa huingizwa kwa mshipa wa kinenani na kuziba kifuko kwa ndani. Hakuna tumbo kubwa kupasuliwa, damu haipotei nyingi, na mtu aliyepasuka tayari au mzee dhaifu anaweza kuvuka usiku ule. Lakini usaha na ukuta mbovu vinabaki nje ya stenti. Uchunguzi wa vituo 16 vya Ulaya uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 123 waliowekewa stenti, ulionyesha kuwa asilimia 91 walikuwa hai baada ya mwezi 1, asilimia 75 baada ya mwaka, na asilimia 55 baada ya miaka 5. Vifo vilivyotokana na maambukizi yenyewe vilitokea zaidi katika mwaka wa kwanza. Na katika kundi hilo, walioota salmonela walifanya vizuri kuliko walioota bakteria wengine.

Kwa hiyo maoni yetu, kwa mgonjwa wa aina ya kaka yenu: akiwa mwenye nguvu, moyo na figo zikiwa sawa, na kituo kina mpasuaji wa mishipa mwenye uzoefu, upasuaji wa wazi ndio unaong'oa mzizi. Akiwa dhaifu, au amepasuka, au aota iliyoathirika iko kifuani ambako kuibana kunahatarisha uti wa mgongo, stenti inakubalika, nayo katika hali ya salmonela anayesikia dawa ina matumaini mazuri zaidi. Ila stenti ikiwekwa, usaha unaoonekana kwenye CT utolewe kwa mrija, na dawa ziwe za muda mrefu sana. Waulizeni madaktari wote wawili swali moja: homa ikirudi baada ya mwezi, hatua inayofuata ni ipi? Anayelijibu kwa undani ndiye aliyefikiri mbali.

Kama hali ni tulivu, wengi hupenda kumpa dawa siku kadhaa kabla ya kumgusa, ili homa ishuke na damu iwe safi. Maumivu yakizidi au CT ya kurudia ikionyesha kifuko kimekua, subira hiyo inaisha papo hapo.

Mume wangu ana miaka 58. Alikuwa na pumzi fupi, wakagundua aota imetanuka pale inapotoka moyoni, sm 4.9, na valvu inavuja. Kipimo cha kaswende kimetoka chanya. Ameandikiwa sindano 3. Zitairudisha aota? Na mimi nipo salama?
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Pole, mama. Kaswende huishambulia aota miaka 10 hadi 30 baada ya kuingia, kwa hiyo kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mwenendo wake wa sasa, na tunaomba jambo hili lisivunje nyumba. Vijidudu huziba mishipa midogo inayolisha ukuta wa aota, hasa pale juu karibu na moyo, na ukuta hudhoofika na kukunjamana kama gome la mti. Kwenye eksirei ya kifua wakati mwingine huonekana mstari mwembamba wa chokaa kwenye aota inayopanda.

Sindano ni benzathini penisilini yuniti milioni 2.4 kwa msuli, nusu kila tako, mara moja kwa wiki kwa wiki 3. Asiruke, pengo kati ya sindano likizidi siku 14, kozi inaanza upya. Saa za kwanza baada ya sindano anaweza kupata homa, baridi na maumivu ya mwili. Hiyo ni vijidudu vinavyokufa, si mzio, lakini kwa mwenye aota mbovu sindano ya kwanza ichomwe anapoweza kuangaliwa, na baadhi ya madaktari humpa predinisoloni kwa siku 3 kuanzia siku moja kabla. Kabla ya kuanza aulizwe kuhusu kichwa, macho, masikio na kumbukumbu, na maji ya uti wa mgongo yapimwe, kwa sababu kaswende ikiwa imefika kwenye ubongo dozi ni tofauti kabisa: penisilini ya mshipani kwa siku 10 hadi 14.

Penisilini inaua vijidudu. Aota iliyotanuka hairudi na valvu haifungi vizuri zaidi. Hivyo afanyiwe ekokadiografia na CT, na afuatiliwe na daktari wa moyo. Uvujaji wa valvu unaweza kumpeleka kwenye upasuaji kabla hata upana haujafika sm 5.5. Maumivu ya kifua akitembea yatajwe pia, kwani milango ya mishipa ya moyo inaweza kuwa imebanwa.

Wewe pima kaswende na VVU. Kwa hatua hii si rahisi mume wako akuambukize sasa, ila miaka ya mwanzo ingewezekana. Ujue pia kwamba vipimo vya kaswende ni viwili, RPR na TPHA: RPR inaweza kutoka hasi kwa kaswende ya zamani, na TPHA ikishakuwa chanya hubaki hivyo hata baada ya tiba, kwa hiyo pimeni vyote viwili.

TB inaweza kuingia kwenye aota? Na je, maziwa mabichi?
*Mfugaji, Arusha*

Yote mawili. TB huifikia aota hasa kutoka kwa jirani: tezi iliyooza au pingili ya mgongo iliyoshikana nayo. Hutoboa ukuta na damu ikajitengenezea kifuko nje. Dawa ni zile zile nne kwa miezi 2, kisha mbili. Wataalamu wengi huongeza muda wote ufike miezi 9 hadi 12. Kifuko bado kinahitaji mpasuaji. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, aambiwe kwamba rifampisini inaishusha, hivyo hupewa mg 50 mara mbili kwa siku, na anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, apimwe damu mara kwa mara.

Brusela hupita kwenye maziwa mabichi, na pia kwenye mikono ya anayemzalisha ng'ombe au mbuzi aliyeharibu mimba. Hupenda aota ya tumboni na pingili za kiuno kwa pamoja. Tiba ni doksisaiklini mg 100 mara mbili na rifampisini kwa miezi, na jentamisini katika wiki za mwanzo. Chemsheni maziwa mpaka yafoke.

Nina miaka 24. Mapigo ya mkono wa kushoto hayashikiki, nina homa ndogo ndogo na CT inasema ukuta wa aota ni mnene. Je, ni bakteria?
*Dada, Kisumu*

Kwa umri wako, na mapigo yanayopotea, tunawaza kwanza Takayasu, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia aota na matawi yake. Huo hubana mishipa polepole na ukuta hunenepa kuzunguka pande zote. Bakteria hutoboa mahali pamoja na kutengeneza kifuko. Dawa yake ni za jamii ya predinisoloni, ambazo mwenye bakteria au TB akipewa peke yake huweza kumuua. Kwa hiyo damu ioteshwe, na TB, kaswende na VVU vipimwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Niliwekewa stenti ya aota kwa sababu ya salmonela miezi minne iliyopita. Nimemaliza sindano, sasa nameza siprofloksasini. Nimesoma kuwa dawa hiyo yenyewe inapasua aota. Niiache? Na nitameza mpaka lini?
*Msomaji, Zanzibar*

Usiiache mwenyewe. Ulichosoma kina msingi: Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba jamii ya dawa hiyo inaongeza hatari ya aota kutuna au kuchanika, na kwamba wenye aota iliyotuna wasipewe kama kuna mbadala. Neno zito hapo ni *kama kuna mbadala*. Salmonela aliyebaki nyuma ya stenti ni hatari kubwa kuliko kidonge. Mwombe daktari atazame karatasi ya maabara: kimelea chako kikisikia amoksilini au kotrimoksazoli, kuhama kunawezekana. Kisiposikia, endelea, na kidonge kimeze saa 2 kabla au saa 6 baada ya dawa za kiungulia, madini ya chuma au kalisiamu, wala usikimeze na maziwa. Vyote hivyo huifunga dawa tumboni, ukawa unameza bure. Kano ya kisigino ikianza kuuma, mwambie daktari siku hiyo hiyo.

Kuhusu muda, dawa za mshipani huwa angalau wiki 6. Vidonge vinavyofuata, kwa aliyesafishwa vizuri kwa upasuaji wa wazi, huwa miezi 3 hadi 6. Kwa aliye na stenti au mrija wa poliesta pale palipokuwa na usaha, vituo vingi huenda mwaka au zaidi, na vingine maisha yote. Kwako wewe tungeegemea kuendelea, isipokuwa dawa ikikudhuru. CRP ipimwe kila mwezi sasa, na CT irudiwe mwezi wa 6 na wa 12 tangu stenti, kisha kila mwaka. Dawa ikisimamishwa, CRP irudiwe baada ya wiki 2 na wiki 6, maana hapo ndipo ugonjwa uliojificha hujitokeza.

Jambo moja tunaomba uliandike na kulibandika ukutani ambako watu wa nyumbani wataliona. Kipandikizi kilicho na maambukizi kinaweza kutoboa utumbo ulio mbele yake. Damu ya kwanza huwa kidogo: unatapika vijiko vichache, au choo kinakuwa cheusi kama lami, kisha kinaacha na unajisikia mzima. Damu ya pili, saa au siku chache baadaye, huwa haizuiliki. Ukiona ile ya kwanza, nenda hospitali usiku huo huo na useme kwenye mlango wa dharura, "nina stenti ya aota". Wakikuingiza kamera tumboni wasione kitu, hiyo haitoshi, kwa kuwa kamera ya kawaida mara nyingi haifiki sehemu ya mwisho ya utumbo wa mwanzo, ambako tundu hilo huwa. Omba CT yenye kontrasti kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani.